Mti Wao, Asali Yangu

Mwalimu hakuweza tena kushika kalamu. Mikono ilimtetemeka, ndiyo maana akanihitaji mimi, mtu niliyeacha shule darasa la sita nikazunguka Ukambani nikipakia mchanga, nikiuza maembe na kufungua redio za watu kutaka tu kuona kilichomo. Miaka ya tisini ilinikuta Kitui mjini, nikipiga chapa katika ofisi ndogo ya kompyuta. Mwenye ofisi alikuwa mama mmoja ambaye wazee wake walitoka pwani.

Mwalimu alizaliwa Kalamba, na baada ya kustaafu alikaa kwa binti yake hapo Kitui. Alikuja kila asubuhi, akavuta stuli karibu nami, akanisimulia kwa Kikamba mambo ya nyuki: miti inayofaa kuchongwa mizinga, alama ambazo kila ukoo huweka kwenye mizinga yake, namna ya kuwapoza nyuki kwa moshi. Alitaka yawe kitabu. Nilipochoka alinichokoza: "Wewe ulimkimbia mwalimu. Umeona alivyokufuata mpaka hapa?"

Hatukuchapa kitu kwenye karatasi. Tulisema tutachapa kikikamilika.

Siku moja umeme ulirudi kwa kishindo baada ya kukatika, ukaunguza kompyuta. Programu tuliyoandikia ilikuwa ya kununuliwa, na haikufunguka bila kifunguo kidogo cha plastiki kilichochomekwa nyuma ya mashine. Nacho kiliungua. Wakala aliyetuuzia alikuwa ameshafunga duka. Disketi zenye maandishi ya mwalimu zilikuwa salama mkononi mwangu, lakini kompyuta mpya ilizisoma ikatoa takataka, alama zisizo na maana.

Mpwa wa yule mama mwenye ofisi alikuwa chuo kikuu. Yeye na wenzake wa nchi mbalimbali walikuwa wakitengeneza programu ya kuandikia na kuigawa bure. Akasema angeweza kuifundisha isome faili zetu. Njia fupi ilikuwa kuipasua ile programu ya kuuzwa, aone inavyoyafunga maneno. Lakini leseni ilikataza, na wenzake walikuwa na sharti lao: aliyechungulia ndani ya programu ya wenyewe hawezi tena kuandika programu yao, wasije wakashtakiwa kwa wizi.

Tukamuuliza wakili wa ghorofa ya juu, aliyekuwa ameshuka kuchukua barua zake. Mwalimu ndiye aliyeanza.

"Wakili, nikitundika mzinga wangu kwenye mti wako, asali ni ya nani?"

"Ni yako, mwalimu. Hilo hata mtoto analijua."

"Basi mti wao, asali yangu."

"Na kama mti una ua, nawe umekubali kwamba hutaruka ua?"

"Nimekubali lini? Mimi sijakubaliana na mtu."

"Niliyekubali ni mimi," mama alisema. "Nilipofungua lile boksi nilikubali yote, na Mungu anisamehe, sikusoma hata mstari."

Wakili hakucheka. "Sisemi ni kosa. Nasema sijui. Wenye programu wakitaka kujua kortini, ofisi hii ndiyo itakayouzwa."

Kijana, yule mpwa, alitazama chini. "Mwalimu, ukisema nichungulie, nitachungulia."

"Halafu wenzako wakufukuze? Hapana. Kuna njia nyingine?"

"Ipo. Kukisia kutoka nje. Tuna barua za wateja zilizochapwa karatasini, na disketi za barua hizo tunazo. Nitalinganisha herufi kwa herufi. Lakini ni ndefu."

"Basi ifuate hiyo. Nyuki wamenifundisha kungoja."

Alingoja. Mwanzoni alikuja ofisini kuuliza, baadaye akawa anamtuma binti yake. Nilimwomba anisimulie upya. Akajaribu, lakini alianza jambo akalisahau katikati, akakasirika, na hatukujaribu tena. Tulimzika kabla kijana hajamaliza.

Alimaliza, na kwa njia safi. Kazi yake ikaingizwa katika ile programu ya bure, na bila shaka kuna watu mbali huko waliofungua faili zao za zamani bila kujua kilichoitangulia. Tukatoa disketi za mwalimu kabatini. Zilikuwa zimeota ukungu. Ulitoka ukurasa mmoja, ule wa kwanza, anapomshukuru baba yake.

Nauchukia ua ule mpaka leo, na sijui nimlaumu nani. Wakili alikuwa na haki ya kuogopa. Kijana naye alikuwa na haki ya kulinda jina lake.

Nilimpelekea binti wa mwalimu ukurasa huo. Aliusoma akaukunja. "Lakini wewe uliyaandika yote," alisema. "Baba alisema nini?"

Nilitafuta kichwani. Maneno yalikuwa yameingia masikioni yakatokea vidoleni, hayakukaa. Nilichopata ni utani wake tu, wa mwalimu aliyenifuata mpaka ofisini. Nikamwambia huo. Alicheka, akafuta macho, akangoja niendelee.