Kumpeleka Bi Asha Kwenye Dawa ya Majaribio

Tulitoka Mkokotoni kwa sababu saratani ya mke wangu, Bi Asha, ilikuwa imezishinda dawa za kawaida. Hospitali moja ya mjini ilikuwa inajaribu kingamwili, dawa iliyotengenezwa maabara ili izisake seli za saratani. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, na neno "kujaribu" nililielewa kwa namna moja tu: wanatufanya panya.

Saa mbili asubuhi tulifika Bububu, nje kidogo ya mji. Nilimwomba dereva wa gari tuliyokodi asimame, nikatoa chupa ya dawa ya miti ambayo Bi Asha alikuwa akinywa wiki nzima.

"Kunywa. Wasijue."

"Na wakiniuliza?"

"Ntajibu mimi."

Mji Mkongwe tulipita vichochoroni kwa miguu, polepole, mpaka hospitali. Daktari, binti mdogo, alinipa shikamoo, kisha akamgeukia Bi Asha.

"Bibi, umetumia dawa nyengine yoyote, hata ya miti?"

"Hajatumia," nikasema.

Karatasi ya ridhaa aliyotakiwa kutia saini iliandikwa kwamba mgonjwa anaweza kujitoa wakati wowote. Nikauliza, "Dawa nzuri ina haja gani ya mlango wa kutokea?"

"Mzee, ningeuficha mlango huo ndipo ungenishuku."

Nilizidi kumshuku.

Bi Asha alitia saini, na saa tano dripu ya dawa ile ilianza. Haikupita nusu saa, Bi Asha akawa anatetemeka mpaka kitanda kizima kinatikisika.

"Mmeona? Mnamuua!" nikapiga kelele.

Wauguzi waliifunga dripu, wakamchoma sindano. Daktari akasema, "Dripu hii huweza kuleta mtetemeko. Lakini lazima nijue kila kilichomo mwilini mwake."

Bi Asha ndiye aliyesema, meno yakigongana: "Nanywa miti, mwanangu. Hata leo nimekunywa." Kisha akanitazama. "Naulizwa mimi, wajibu wewe. Wewe ndo mgonjwa?"

Walimpima damu. Jioni, mtetemeko ulipokwisha, tukarudi shamba, Mkokotoni.

Siku ya nne daktari alimpigia simu Bi Asha. Vipimo vya damu vilionyesha ini lake limechafuka. Hawezi kuendelea na majaribio.

"Ni dripu au ni miti?" nikamwuliza Bi Asha alipokata simu.

"Kasema hawezi kujua. Vyote vilikuwa mwilini pamoja."

Mpaka leo sina imani na dawa ile. Lakini nilikwenda mjini nikitafuta anayetuficha jambo, na katika chumba kile aliyeficha nilikuwa mimi peke yangu. Pengine dawa ile ingemfaa Bi Asha. Nimemnyima nafasi ya kujua.