Bi Eksi Kwenye Mizani

Juzi nilikuwa nasahihisha madaftari shuleni kwetu Manzese, nikakuta mwanafunzi amechora katuni pembeni ya hesabu. Nikamkumbuka Mwalimu Komba, aliyetufundisha hisabati kidato cha kwanza kule Vingunguti.

Mchana mmoja joto lilikuwa kali, na harufu ya machinjioni ilikuwa imejaa darasani. Mwalimu hakuitikia shikamoo yetu. Alianza tu kuchora ubaoni: mwanamke aliyejitanda kanga, chini yake ameandika "Bi Eksi (x)", amekaa kwenye mizani pamoja na nazi tatu, na upande wa pili kuna nazi kumi, mizani ikiwa sawa. Katika picha iliyofuata, kila upande ulikuwa umepunguzwa nazi tatu.

"Bi Eksi ana uzito wa nazi saba!" nilipiga kelele. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeelewa hesabu.

Mwalimu alitabasamu, mkono kooni. Nilidhani kunyamaza kwake ni sehemu ya mchezo. Sasa nafundisha vipindi sita kwa siku, na najua sauti ilikuwa imemwishia.

Kesho yake alikuja akikwaruza maneno.

"Aa, mwalimu, sie tunataka katuni!" nilisema, na darasa zima likaguna pamoja nami.

Alitutazama, akameza mate kwa shida, kisha akaendelea kueleza.