Zamu Ianzie Chini

Shamba letu lipo mwisho wa mfereji, bondeni, chini ya kijiji cha Iyula. Baba alipofariki, mama aliendelea kulilima, nami nikimsaidia. Kila kiangazi wenye mashamba ya juu waliziba mfereji kwa viroba vya mchanga, maharage yetu yakanyauka. Masika yakifika waliviondoa, na maji yote wasiyoyataka yakatumwagikia sisi. Mwaka mmoja mahindi yalizama yakiwa yamefika kiunoni. Tuliyang'oa yameoza.

Mkutano wa wakulima ulipoitwa, mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Sisi wa chini tulikuwa wachache, wengi wajane, na tulizoea kukaa nyuma tukisikiliza. Siku hiyo mama alisimama.

"Mwenyekiti, mafuriko haya mnatuletea ninyi."

Mwenyekiti, ambaye shamba lake ndilo la kwanza kupata maji, alitabasamu. "Mama, maji hufuata mteremko. Tutayalaumuje?"

"Na kiangazi mteremko huwa unakwenda wapi?"

Watu walicheka. Kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kinyiha, mama akasema hataki kuonewa huruma. Anataka waje waone, kesho asubuhi, na wavue viatu.

Walikuja. Aliwapitisha kwenye tope la magotini, tuta kwa tuta, bila haraka. Mwenyekiti alinasa mguu, mama akampa mkono akamvuta.

"Sikujua yanafika mpaka huku," mwenyekiti alisema taratibu.

"Sasa umejua."

Wiki hiyohiyo tulikubaliana: uchimbwe mtaro wa kurudisha maji ya ziada mtoni, upite kwenye mashamba ya juu, na zamu za maji za kiangazi zianzie chini. Mzee mmoja wa juu aligoma kuchimba kipande chake. Tulimchimbia sisi wa chini, naye akawa anatutazama tu. Siku ya tatu alikuja na jembe lake, akaanza kuchimba.

Msimamizi wa zamu akachaguliwa mama. Masika yaliyofuata maji yalipanda, yakageukia mtoni, na mahindi yetu yakasimama.

Juzi wakulima kutoka Igamba walikuja kuuliza tulifanyaje. Nilijiandaa kueleza mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma. Wakasema wanamtaka mama. Nikamletea kigoda, nikakaa chini pamoja na wageni, nikamsikiliza.