Orodha Niliyoikodisha kwa Bidoni Mbili za Mazutu

Mimi si mtu wa kuomba msamaha ovyo. Wanaonijua Nyamianda, mtaa wetu wa Uvira, watakuambia: yule mama ana mdomo, akikosea anakugeuzia wewe kosa. Lakini hili nitalisema kama lilivyo, maana nimechoka kulibeba.

Miaka ile ya vita nilikuwa na nyumba ya intaneti, mashini tatu na parabole ya kunasa intaneti juu ya bati. Simu zilikuwa zinakatwa kila wakubwa wa mji wanapobadilika, na walibadilika mara nyingi hadi ukiamka unauliza kwanza bendera ya leo ni ya nani. Kwa hiyo waliokuwa wanakimbia walipitia kwangu. Mtu anafika na godoro kichwani, anasema, "Mama, unifungulie adresi ya intaneti, tutaandikiana." Namfungulia. Neno la siri atalisahau njiani, basi nalichagua mimi, naliandika kwenye kaye yangu, daftari la jalada gumu, pamoja na adresi yake na mahali anapokwenda. Barua ikija, naichapa, familia inakuja kuichukua. Asiyejua kusoma namsomea kwa sauti, na waliomo ndani wote wanasikia salamu zao. Ndivyo tulivyoishi, na hakuna aliyeona ubaya. Kaye ile ilijaa watu zaidi ya mia nne: Bujumbura, Kigoma, makambi ya Tanzania, Lusaka, hata Ulaya.

Wakubwa nao waliingia humo humo. Afisa wa upelelezi wa mji alikuja kila Alhamisi, bendera ikishapandishwa, kusoma barua za mchumba wake. Naye nilimfungulia adresi. Ungekuwa wewe, ungemkatalia?

Na kulikuwa na docta. Kwetu kila anayeshika sindano ni docta. Huyu alikuwa muuguzi wa zahanati moja huko Sange. Siku moja alimshona kidonda mpiganaji wa upande wa pili, habari zikamfikia yule afisa. Walipokwenda kumkamata, docta alikuwa ameshapita kwenye mashamba ya mpunga kwa miguu. Mkewe, jirani yangu wa nyuma ya ua, akatangaza kwamba ameuawa njiani. Tukaweka matanga, tukalia, watu wakaleta unga na makala ya kupikia. Mimi na mkewe tu ndio tuliojua kwamba mtu yuko Rumonge, ng'ambo ya ziwa, anapima mizigo kwenye kiwanda cha mawese na anaitwa jina lingine. Barua zake nilimpelekea mkewe nimezilaza chini ya sahani ya bugali. Huyo mama alikuwa akisoma, anaimeza karatasi kwa macho, halafu anaitia kwenye moto mbele yangu.

Sasa akaja papa mmoja, yaani baba wa heshima, wa Kamanyola, mfanyabiashara, suruali imenyooshwa vizuri hata mwaka ule wa taabu. Alikuwa amefungua kazi ya kupeleka vifurushi: unatoa mzigo Kigoma au Bujumbura, yeye anaufikisha Uvira mpaka mlangoni. Alitaka waliokimbia wamjue. Akaniambia, "Mama, nikodishie watu wako."

"Watu hawakodishwi, papa. Nenda ukakodishe baiskeli."

Akacheka. Akanieleza kwamba huko Bujumbura ni kazi ya kawaida, mwenye orodha ya adresi anaikodisha kwa mwenye tangazo. "Orodha siitaki mkononi. Inabaki kwako. Weye mwenyewe unatuma tangazo langu mara moja, basi. Ni kama kumuazima mtu sauti yako."

Nikamuuliza atanipa nini. Akasema bidoni mbili za mazutu: madumu mawili ya dizeli yaliyojaa. Ee, hapo alinipata. Wiki ile jenereta yangu ilikuwa inakunywa mazutu ya kuokoteza, na bila jenereta parabole ni sahani tu juu ya nyumba. Sikufikiria kwamba hao mia nne walinipa adresi zao ili wapate habari za mama zao, si ili mtu awauzie kitu. Nilifikiria mazutu, nikakubali.

Jumatano mchana akaja na tangazo lake kwenye karatasi. Nikaliandika, nikaanza kuingiza adresi zote kwenye mstari wa wanaopelekewa, moja baada ya nyingine, kwa kufuata herufi. Papa akasimama nyuma yangu, akainamia kioo.

"Mama, nilivyoona Bujumbura, adresi wanaziweka kwenye mstari ule wa chini. Huko zinafichika, kila muntu anaona yake tu."

"Wafiche nini? Trakti ndiyo inafichwa."

Nieleze hapo, maana asiyekuwa Uvira wakati ule hawezi kuelewa. Trakti zilikuwa karatasi zinazookotwa mlangoni asubuhi, hazina jina la aliyeandika wala la anayepelekewa, zinasema fulani ni msaliti, fulani ahame. Watu walikufa kwa sababu ya trakti. Basi tuliogopa kila karatasi isiyosema wazi imekwenda kwa nani. Barua ya watu wazima, kwetu, inawataja wote: msalimie fulani, na fulani, na mama fulani asifikiri nimemsahau. Kumficha mtu kwenye barua ni kumtukana, tena ni kumtia hofu. Mimi nikaona huyu papa wa Kamanyola anataka kuniharibia jina. Nikaziweka adresi zote mia nne juu, wazi, kama wageni kwenye viti vya mbele, nikatuma. Hata nilijisifu moyoni kwamba nina adabu.

Alhamisi asubuhi nikawasha jenereta kwa mazutu mpya, nikafungua, nikakuta majibu yamejaa. Watu walikuwa wanajibu kwa wote. Kila mmoja alikuwa ameona majina ya wenzake! "Yaya, dada yangu, kumbe uko Lusaka!" "Weye wa kwaya, tulisema umekufa!" "Mama Sange asalimiwe sana." Hakuna aliyeuliza bei ya kifurushi. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakatoka, nikasema leo nimekusanya mji mzima uliotawanyika.

Halafu nikafika kwenye barua ya docta.

Aliandika kwa jina lake halisi. Mtu alikuwa amekaa miezi na miezi akijiita jina la uongo, ameona majina ya nyumbani mia nne kwa mara moja, furaha ikamlevya. Aliandika: "Niko hai. Niko Rumonge, kwenye kiwanda cha mawese karibu na soko. Nauliza kama munaweza kubeba sabuni na kidumu cha mawese kwa mama watoto, Nyamianda, nyuma ya nyumba ya intaneti." Na chini, jina. Kwa wote.

Kwa wote maana yake ni pamoja na afisa wa upelelezi. Na leo ni Alhamisi.

Nilisikia tarumbeta ya bendera kule juu. Nikachukua kaye, nikatafuta neno la siri la afisa. Lilikuwa langu, mimi ndiye niliyemchagulia. Nikaingia kwenye sanduku lake. Ndiyo, niliingia kwenye sanduku la mkubwa wa upelelezi, mchana, mlango wazi! Wangenikuta, leo hii usingekuwa unasoma maneno haya. Intaneti ya wakati ule ilikuwa inateremka mstari kwa mstari. Nilikaa natazama kioo, nasema fungua basi, fungua, mama wee. Jina la docta likatokea. Nikaliwekea alama, nikalifuta. Kioo kikabaki cheupe muda mrefu kabisa, halafu kikarudi bila jina lile. Nikatoka, nikafunika kaye kwa kitenge.

Buti zikaingia.

"Jambo, mama."

"Jambo, mukubwa. Umelala?"

"Nimelala. Barua iko?"

"Ziko nyingi leo."

Akaketi kwenye mashini ya dirishani, mahali pake. Mimi nikashika ufagio, nikafagia palipokwisha kufagiwa. Nikamsikia anacheka. "Mama, watu wako banasalimiana kama kwenye ndoa!" Nikacheka na mimi, kicheko kikavu kama mahindi. Nilijiambia imepita. Nilijiona mjanja.

Halafu akasogea karibu na kioo. Akasema polepole, "Huyu docta ni nani?"

Yooo! Nilikuwa nimefuta barua ya docta, lakini watu walikuwa wameshaanza kumjibu. "Docta, tulikulilia!" "Docta wa Sange, Mungu ni mkubwa!" Kila jibu lilikuwa linaingia kwenye sanduku la afisa, na chini ya kila jibu kulikuwa na maneno ya docta yale yale. Ilibaki ateremshe kioo kidogo tu.

Nilitoka nyuma kama anayekwenda chooni, nikafunga bomba la mazutu la jenereta. Ikakohoa, ikazima. Nikarudi naikemea kwa sauti kubwa: mashini ya shetani, kila siku unanitia aibu mbele ya wakubwa!

Afisa hakusimama. Akatazama bidoni zile mbili kando ya mlango. "Si mazutu iko hapa?"

"Imechafuka, mukubwa. Imechanganywa na maji. Huyo aliyeniletea ni mwizi."

"Nitangoja."

Akangoja. Nilipiga magoti kwenye jenereta, nikaipaka mikono yangu mazutu mpaka kwenye kiwiko, nikafungua skrubu na kuifunga, nikaifungua tena. Kila nikiinua macho, namuona mlangoni anavuta sigara. Niliomba Rozari yote huku nashika bisibisi. Alikaa hivyo mpaka redio yake ya mkononi ikaita. Akasikiliza, akatupa kipande cha sigara.

"Si kitu, mama. Hata kwetu bironi, kule ofisini, parabole iko. Nitasoma huko jioni."

Alipopinda kona, niliwasha jenereta na kumwandikia docta. Kufuta tena kusingefaa: majibu yalikuwa yanaingia kila dakika, na afisa ameshaliona jina. Sikupima maneno. Niliandika kama mtu anayepiga kelele nyumba inaungua: "Barua yako imesomwa na wanaokutafuta. Toka hapo sasa hivi. Usifungue tena adresi hii. Usiandike na usitume mtu kwa yeyote wa Uvira, hata kwa mke wako, nyumba inatazamwa. Usije mpaka nikuambie." Nikabaki pale pale, sikunywa hata maji. Karibu na saa sita likaja jibu lake, neno moja: "Nimesikia." Docta alikuwa mtu wa namna hiyo. Ukimwambia dawa ni kila baada ya saa nane, atakuamsha.

Nilikwenda kwa mkewe nikamwambia yote. Nilitegemea atanipiga, na ningekubali. Alikaa chini kwenye jiwe la kusagia, akauliza tu kama lile neno moja lilikuwa lake kweli. Nikaapa.

Yule papa wa Kamanyola alirudi Jumamosi, amefurahi, vifurushi vimeanza kuja. Akasema, "Lakini nilikuambia adresi zifichwe." Nilitaka kumrushia bidoni. Alikuwa na haki, na ndiyo iliyonikasirisha. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi wajukuu ninao sita na huyu ni wa saba. Na hatari ya docta ndiyo pekee niliyoijua. Wale wengine mia nne niliowaanika mbele ya macho ya watu siku ile, sijui nani alimuona nani.

Wiki mbili zilipita hatujui kitu. Tulikuwa tunakutana na mke wa docta bombani, tunasalimiana, hakuna anayethubutu kuuliza. Kisha mama mmoja anayeuza mawese akavuka kutoka Rumonge. Akasema watu watatu wasiojulikana walikuja kiwandani wakimtaja docta kwa jina lake halisi. Walipekua kibanda chake. Walikuta kitanda na taa, basi. Mwenyewe alikuwa ameondoka tangu Alhamisi ya wiki mbili nyuma, saa sita mchana, hata mshahara hakungoja.

Mama wee, siku ile! Nilikimbia mpaka jikoni kwa mkewe bila viatu. Tulikumbatiana, tukaruka ruka kama wasichana, tukazibana midomo kwa mikono ili majirani wasisikie, maana mjane hachezi. Alilia, akanishukuru, akanishika kichwa. Nilijisikia mtu mzuri. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilijisamehe.

Akarudi kukoroga sufuria yake. Akauliza, bila kunitazama, "Ulimwandikia maneno gani hasa?"

Nikamwambia yote, neno kwa neno, nilikuwa nayajua kwa kichwa. Nilipofika kwenye "usije mpaka nikuambie," mwiko ukasimama.

"Asiandike."

"Ndiyo."

"Asitume muntu."

"Ndiyo, dada."

"Adresi asiifungue tena."

"Ndiyo."

Akageuka. Machozi ya furaha yalikuwa bado hayajakauka usoni mwake.

"Sasa utamwambia kupitia wapi?"

Nilichukua mwiko mkononi mwake, mimi mwenye mdomo, nikakoroga sufuria. Vita vile viliisha, vikaja vingine, afisa yule alihamishwa, wanawe docta wameoa. Docta aliniambia amesikia, na mpaka leo anangoja nimwambie.