Penseli ya Waingereza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa redio ya mawimbi mafupi, daftari la mistari na penseli moja, kisha nikaambiwa nisiseme neno hewani kwa miezi mitatu. Nilikuwa nimevaa gauni la Jumapili. Wiki nzima nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo kusema "wapendwa wasikilizaji", hadi dada zangu wakanichoka. Kumbe kazi ya redio huanza kwa masikio.

Kituo chetu kilikuwa na vyumba viwili tu hapa Kimanga, mtaa wa mji wa Uvira, juu ya duka la vitenge. Aliyenipokea ni Shefu wa redaksio, yaani mkubwa wa chumba cha habari, mzee mkavu aliyewahi kufundisha seminarini. Akanieleza kazi iliyoitwa ekuti: kukaa na redio tangu alfajiri, kusikiliza vituo vikubwa vya nje, kuandika walichosema, kisha kukigeuza Kiswahili cha watu. Kila habari iliandikwa kwanza kwa penseli. Ikisikika tena kwenye kituo cha pili, uliipitishia wino. Isiposikika, ulifuta. Hakuna aliyeruhusiwa kusoma hewani kitu ambacho hakikuwa na wino.

Nilimuuliza siku ile kama mimi pia nitapata nafasi ya kueleza mawazo yangu. Akanitazama kama mtu aliyeona panya ndani ya unga.

"Weye hapa hauko wa kusema nani atashinda," alisema. "Uko wa kusema nani alisema nini. Na kama haujui, sema haujui. Batu hawakufe juu ya neno hilo."

Nilicheka moyoni. Msichana wa miaka ishirini na miwili, nani atamwambia kitu?

Baadaye nilipelekwa Kamanyola kuwa mwandishi wa tambarare yote ya Ruzizi. Enzi zile sauti ilisafiri kwa kaseti. Narekodi soko, naongeza maelezo, namkabidhi dereva wa lori linaloshuka Uvira. Kama ng'ombe wa Luberizi wameamua kulala barabarani, habari yangu nayo inalala. Mkubwa wangu kule, aliyeitwa Shefu wa antena kwa sababu mnara ulikuwa chini yake, alikuwa mpole sana, lakini alirudisha kaseti yoyote yenye neno "nadhani". Nilikaa kule miaka sita. Kila asubuhi nikifungua dirisha niliona milima ya Rwanda, karibu kiasi kwamba siku ya mawingu machache unahesabu mashamba yake. Naitaja milima ile kwa sababu itarudi katika habari hii.

Nilipoitwa tena Uvira nilipewa kipindi cha habari za dunia, na nikakishika mpaka nywele zikageuka nyeupe. Shefu wa redaksio alistaafu, akafariki. Akaja Direkta mpya, kijana wa kompyuta, mwenye adabu, mwenye haraka. Akatukusanya, akasema habari siku hizi kila mtu anazo kwenye simu yake, watu wanachotaka ni uchambuzi. Mama Vero, akaniambia, weye una sauti na una umri, wapatie maoni. Sitawadanganya, wasomaji wangu: nilifurahi. Baada ya miaka mingi ya kusema nani alisema nini, hatimaye mtu ameniuliza mimi naonaje. Lile daftari la penseli na wino nikaliweka juu ya kabati.

Ndipo ukaja uchaguzi wa Waingereza.

Mtajiuliza Uvira na Uingereza vinahusiana wapi. Msikilizaji wangu wa karibu kuliko wote alikuwa Mama Aksanti, jirani yangu, muuza mchele wa Luberizi. Redio yake aliifunga kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda. Mwanawe Aksanti alikuwa ametoka hapa miaka minne nyuma, akapita nchi ambazo mama yake hakuweza kuzitamka, akavuka bahari ya mwisho ndani ya boti la mpira na kufika Uingereza. Kule serikali ilimweka hotelini pamoja na wengine, wasubiri kuitwa na kuulizwa kwa nini walikimbia, kisha wapewe hifadhi au wakataliwe. Sharti lilikuwa moja: asiondoke mahali walipomwandikisha.

Sasa chama kilichokuwa madarakani kule kilikuwa kimepitisha mpango wa kuwapandisha ndege watu waliofika kwa maboti na kuwapeleka Rwanda. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani redio imeharibika. Rwanda ipi? Nikabadilisha kituo, nikasikia vilevile. Yaani milima yangu ya dirishani. Mtoto azunguke nusu ya dunia, aponee chupuchupu kwenye maji, halafu wamshushe mahali ambapo mama yake angeweza kwenda na kurudi kabla mchele haujaiva! Mama Aksanti alikuja kwangu ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Ile Rwanda yetu hii?" aliuliza. "Alikimbia vita ya huku, bamurudishe mulangoni kwa vita?"

Nikamweleza nilichokijua. Waziri Mkuu alisema ndege zitaruka akishinda. Mkuu wa upinzani alisema akishinda yeye, mpango unatupwa. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi, na mama akaishika mara moja: chama cha zamani kikibaki, mwanawe yuko hatarini; kikianguka, anapona.

Basi nikaanza kuuchambua uchaguzi ule kila asubuhi, na kila asubuhi mimi na wasikilizaji tulibaki midomo wazi. Waziri Mkuu ndiye aliyetangaza uchaguzi kabla muda wake haujaisha. Mtu aitishe mwenyewe uchaguzi ambao kila mpiga hesabu wa kura za maoni anasema atashindwa! Tena aliutangaza amesimama mbele ya mlango wake, mvua inamnyeshea, bila mtu wa kumshikia mwavuli. Wazee wa Kimanga walipiga simu kuuliza walinzi wake walikuwa wapi. Kampeni ni wiki sita tu. Wananchi hawamchagui mkubwa mwenyewe, wanachagua mbunge wa mtaa wao, na chama chenye wabunge wengi ndicho kinachotoa mkubwa. Nilieleza yote hayo kwa utulivu, lakini kichwani mwangu kitu kilikuwa kinakataa. Nimeishi hapa umri wangu wote. Nimesubiri chaguzi zilizoahirishwa mpaka watoto waliokuwa tumboni wakaanza kusoma.

Siku moja kabla ya kura, tekinisyen wetu, yule anayeshughulika na mitambo na ambaye huchokoza maneno hewani, alinisomea kutoka kwenye simu yake kwamba Waingereza wanapiga kura kwa penseli. Penseli zimefungwa kwa kamba ndani ya kila kibanda cha kura.

Nilishtuka kwa kweli. Penseli! Sisi hapa tulipakwa wino vidoleni, tuliletewa mashine, na bado watu waligombana juu ya matokeo. Hawa wanaandika hatima ya nchi kwa kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza anakifuta kwa mate. Nikasahau kuwa nina maikrofoni mbele yangu. Nikacheka, na ndani ya kicheko kile nikasema maneno ambayo nayakumbuka moja moja:

"Wapendwa, msijisumbue tena na mahesabu ya Wazungu. Kura ni ya penseli, na kifutio kiko mikononi mwa serikali. Aliyeko atabaki. Nawaambia mimi, niliyeona chaguzi."

Tekinisyen alikufa kicheko. Simu zililia hadi mwisho wa kipindi. Direkta alitoka ofisini kunipa mkono, akasema huo ndio uchambuzi alioutaka. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa maringo, na kwenye kibanda cha Mama Aksanti niliona tu kamba na nguzo. Redio haikuwepo, wala mwenyewe.

Asubuhi ya pili baada ya hapo nilifungua redio, na chama kile kilikuwa kimeanguka. Si kuanguka kwa kusukumana, kilianguka mzimamzima. Waziri Mkuu akatoka nje ya mlango uleule, akawaomba watu wake radhi, akaingia ndani ya gari, akaenda zake. Saa sita mchana mwingine alikuwa ndani ya nyumba. Hakuna aliyefunga barabara. Hakuna aliyekata mtandao. Ninyi mnaosoma haya labda mnaona kawaida, lakini mimi nilikaa kitandani nimeshika tama, nimeduwaa. Kesho yake mkubwa mpya akasema mpango wa Rwanda umekufa. Nikavaa viatu kwenda kumpa Mama Aksanti habari njema kabla ya kuisoma hewani.

Nilimkuta ameketi kwenye gunia la mchele. Habari alikuwa nayo tayari. Alinitazama muda mrefu, na macho yake hayakuwa na hasira, ndiyo maana nilianza kuogopa. Akanieleza polepole. Asubuhi ile ya penseli alibeba redio nyumbani, akampigia mwanawe simu, akamwambia ameisikia kwa Mama Vero mwenyewe: aliyeko atabaki, ndege zitaruka. Toka hapo hotelini leo leo. Kijana alibisha kidogo. Mama yake akalia. Mtoto akatoka, akaenda kujificha kwa rafiki katika mji mwingine, akatupa laini ya simu ili asifuatwe, na tangu hapo mama hampati.

Kisha akaniuliza swali moja.

"Mama Vero, minye sitaki kukugombeza. Nataka tu unambie. Ulijua, ao ulisema tu?"

Miaka thelathini na tano ya kazi ilikuwa imesimama mbele yangu na kusubiri. Ningeweza kusema wachambuzi wengi hukosea. Ningeweza kusema ilikuwa mzaha.

"Nilisema tu," nikamjibu.

Akatikisa kichwa taratibu, akaanza kupima mchele wa mteja aliyekuwa anasubiri. Aibu niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia tena.

Aksanti alipatikana baada ya wiki kadhaa. Alirudi hotelini mwenyewe, akakuta kitanda chake kina mtu mwingine. Barua ya kumwita kwenye mahojiano, ile aliyoingoja miaka yote, ilikuwa imefika na siku yake ikapita. Kwa kuwa hakuonekana, faili lake lilifungwa kana kwamba ameacha maombi kwa hiari yake. Wale waliobaki vitandani mwao waliitwa mmoja mmoja, na baadhi yao wakapewa karatasi.

Nilimwendea Direkta nikaomba nafasi ya masahihisho, yaani dakika ambayo kituo kinakiri kosa lake. Alishangaa. Akasema masahihisho ni ya habari, na mimi nilitoa maoni, tena ya kuchekesha. Nani anasahihisha mzaha? Nikamwambia kuna mtu mmoja aliutii. Akasema tukianza hivyo hatutamaliza. Hapo nilielewa kwamba kweli hatutamaliza, na kwamba ndiyo sababu yule mzee wa seminari alitupa penseli. Kwetu sisi penseli ilikuwa ya kukubali kwamba unaweza kuwa umekosea. Mimi niliiona mikononi mwa Waingereza nikadhani ni ya wizi.

Kesho yake nilifungua kipindi kwa masahihisho bila ruhusa. Nilisema nilitabiri bila kujua, nikapima nchi ya watu kwa machungu ya nchi yangu, na mtu ameumia. Sikutaja jina. Direkta hakunifukuza, ila aliniandikia barua ya heshima kunikumbusha umri wangu. Nikastaafu mwisho wa mwezi ule. Walinipa kitenge na saa ya ukutani.

Tangu hapo vijana wa redio huja kuniuliza siri za kazi. Nawaonyesha lile daftari nililoliteremsha kutoka kabatini. Wanaligeuza-geuza, wanalipiga picha, wanaondoka kwenda kuchambua. Naumia, lakini nitawasema nini? Nilikuwa hivyohivyo, tena nikiwa na mvi.

Juzi Mama Aksanti aliingia uani kwangu ameshika simu, imewashwa sauti. Tumeendelea kuwa majirani. Kuna siku tunaongea, kuna siku hapana. Mwanawe alikuwa upande wa pili. Anaosha vyombo jikoni mwa watu, anahama nyumba kila mara, na wakili wa bure amekubali kujaribu kulifungua tena faili lake, mradi akae kwenye anwani moja. Lakini kule, alisema, wameanza tena kuzungumzia uchaguzi ujao. Kuna chama kingine sasa kinachoahidi kuwafukuza watu kama yeye wote, na wapiga hesabu wanasema kiko mbele. Rafiki zake wanafunga mizigo. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka.

"Mama Vero," aliuliza, "nani atashinda?"

Maoni ninayo, mengi, yamejaa kinywani hata sasa ninapoandika. Mama yake alikuwa ananitazama mdomo.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Kweli sijui."

Mama Aksanti akaisogeza simu karibu na midomo yake.

"Umesikia? Amesema hajui," akamwambia mtoto wake. "Basi bakia palepale."