Mama Sakafu na Zege Lililotoa Jasho

Mama Sakafu hakuwahi kucheza mpira wa kikapu hata siku moja, lakini chuo kizima hakikuwa na mtu aliyeujua uwanja ule wa ndani kama yeye. Aliajiriwa kufagia majukwaa kabla kifungua mimba wake hajaota meno, na sasa binti huyo alikuwa muuguzi mwenye watoto wawili. Miaka yote hiyo mama aliipangusa sakafu ile ya mbao, aliipiga msasa wakati wa likizo, kisha akaipaka vanishi akirudi kinyumenyume asikanyage alipokwisha paka. Wachezaji walimpa jina hilo kwa utani, likamganda.

Chuo kilipoamua kuukarabati uwanja, naye alifurahi. Upande wa kaskazini mbao zilikuwa zimevimba. Mwaka uliotangulia binti mmoja wa timu alijikwaa pale, goti likateguka. Mama Sakafu ndiye aliyempakata kichwa mpaka machela ikaja, na kile kilio hakikumtoka masikioni.

Mbao kuukuu ziling'olewa, likabaki zege tupu. Mama Sakafu akainama, akaweka kiganja. Akakiinua, akakiweka tena.

"Hapa chini kuna maji," akamwambia mhandisi.

Mhandisi alikuwa kijana wa maneno laini. "Mama yangu, zege hili limenizidi umri. Limeshakauka zamani."

"Lilikauka, ila linanyweshwa. Nyuma ya jengo kuna mteremko. Mvua ikinyesha, maji yanakuja huku."

"Kila mtu na kazi yake, mama. Yako ni ufagio."

Mafundi wakacheka. Mama Sakafu hakucheka. Akaenda kwa mkuu wa michezo, akamkuta anapanga kadi za mwaliko.

"Tarehe ya ufunguzi imeshatangazwa," mkuu akasema bila kuinua macho. "Tafadhali, usitutilie mchanga kitumbua."

Nyumbani, mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi. "Mke wangu, mwenye nguvu mpishe. Umebakiza mwaka mmoja tu ustaafu."

"Nimepisha tangu nikiwa msichana. Safari hii wanipishe mimi. Au tungoje goti la pili?"

Mzee alimjua mkewe.

Asubuhi akafika na kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa kitambaa cha meza, na utepe wa gundi. Akakibandika juu ya zege pande zote nne, pasiachwe hata upenyo wa sisimizi. Akavuta kiti, akakaa kando.

"Mama, ondoka, tunataka kumwaga gundi," akasema mnyapara wa mafundi.

"Mwageni. Mtanigandisha na kiti changu."

Mafundi wakatazamana. Nao wana mama zao. Hakuna aliyegusa ndoo. Mkuu wa michezo akaitwa, akaja mbiombio na barua ya onyo.

"Saini hapa."

"Kalamu ninayo, sababu sina. Kesho asubuhi tufunue nailoni hii mbele ya watu. Ikiwa kavu, nasaini barua na kazi naacha."

Mkuu akaona amepata njia rahisi ya kumwondoa. Akakubali.

Kesho yake timu nzima ilikuja, na yule binti wa goti akaja na magongo yake. Mhandisi alisimama amefumbata mikono. Mama Sakafu alipiga magoti, akabandua utepe taratibu. Nailoni ilikuwa imelowa kama kifuniko cha sufuria ya wali. Zege chini yake lilikuwa jeusi.

"Hiyo ni hewa tu," mhandisi akasema.

Mnyapara akapitisha kidole kwenye nailoni, akakiinua. "Mhandisi, hewa hii inadondoka."

Walipochimba nyuma ya jengo walikuta bomba la kutolea maji ya mvua limepasuka, pengine tangu enzi za wajenzi wa kwanza. Kazi ikachelewa miezi mitatu. Hakuna aliyemwomba radhi. Barua ya onyo ililetwa tena mara mbili, ikarudishwa mara mbili bila saini.

Siku ya ufunguzi mkuu wa michezo alimshukuru kila mtu, hata fundi wa vipaza sauti. Mama Sakafu hakutajwa. Yeye alikuwa amesimama ukingoni mwa sakafu mpya wakati wageni wanashuka majukwaani kwenda kupiga picha.

"Viatu, tafadhali."

"Mama!" mkuu akanong'ona kwa ukali. "Huyu ni mgeni rasmi!"

"Na hii ni sakafu."

Mgeni rasmi akamtazama, akatazama mbao zinavyong'aa, akainama kufungua kamba. Soksi yake moja ilikuwa imetoboka kidoleni. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa mkuu wa michezo, viatu mkononi.

"Pita, baba," akamwambia, na akampisha.