Uji wa Zizini

"Bibi, huyu mbwa anakupenda wewe au anapenda uji?"

Wame alikuwa na miaka saba alipouliza hivyo, amekaa juu ya boriti ya zizi la mbuzi, miguu inaning'inia, likizo ya shule ya mwezi wa nane. Bibi yake, Mma Gaone, alikuwa ameshika sufuria ya uji wa mtama uliochanganywa na maziwa ya mgando. Alimtuma akachote maji, na maji yalikuwepo tele.

Swali lilikuwa limemgusa penye kidonda.

Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika mumewe. Watu wa kijijini walitarajia afunge kambi ya mifugo, awagawe mbuzi, arudi kukaa karibu na kanisa na zahanati kama wajane wenzake. Hakurudi. Alibaki kule porini, saa tatu kwa gari kutoka barabara ya lami, yeye na mbuzi arobaini na tatu. Majirani wa kambi ya pili walipompa mtoto wa mbwa, akamwita Bareng, yaani "Wanasemaje?" Kwao jina la mbwa ni salamu kwa majirani. Kila aliyepita njiani akasikia mbwa akiitwa, alijua anaulizwa yeye.

Namna ya kumlea mbwa wa mbuzi aliijua, maana alimwona mumewe akifanya hivyo kwa miaka thelathini. Mtoto wa mbwa anatiwa zizini angali mdogo kabisa. Analala na vitoto vya mbuzi, analishwa humo humo, habebwi, hachezewi, wala haonjeshwi kitu mlangoni pa nyumba. Akikua anajiona naye ni mbuzi, ila mwenye meno makali. Asubuhi anatoka nao, jioni anarudi nao, na mchungaji hahitajiki.

Yote hayo Mma Gaone aliyajua vizuri. Lakini Juni ile ilikuwa na baridi ya kupasua midomo. Asubuhi maji ya ndoo yalikuwa na utando wa barafu. Bareng akapenya katikati ya miti ya zizi, akaja kuketi mlangoni, anatetemeka. Mma Gaone alikuwa anakunywa chai peke yake, kama alivyokunywa peke yake tangu mazishi. Akammiminia kidogo kwenye kisosi. Kesho yake akamwongezea kipande cha mkate. Siku ya tatu mbwa alifika kabla chai haijachemka, na kisosi kilikuwa kimeshawekwa tayari.

Basi ikawa hivyo. Mbuzi wakitoka, Bareng anatoka nao mpaka jua lipande kidogo, kisha anageuza, anarudi nyumbani kulala miguuni pa aliyempa chai. Mbweha walilijua hilo kabla ya Mma Gaone. Kwanza vilipotea vitoto viwili, halafu cha tatu, halafu jike zima lenye mimba.

Moagi, mdogo wake, ndiye aliyekuja kila mwisho wa mwezi na pikapu, kuleta unga na kumjulia hali. Alimkuta Bareng amejinyoosha kizingitini.

"Dada, huyu si mbwa, huyu ni mgeni wa chai. Mletee na kiti."

"Ana miezi mitano tu, Moagi."

"Mbweha hawaulizi umri."

"Ananipenda, ndiyo maana anarudi."

"Mkono mtupu haulambwi, dada. Ficha hicho kisosi tuone mapenzi yatafika wapi." Moagi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikia. Mvua ya kwanza ikinyesha nitakuja na gari tupu. Nikimkuta bado yuko jikoni, napakia mbuzi wote, na wewe unapanda mbele na mimi. Siwezi kukuacha hapa ukiwangoja waishe mmoja mmoja."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana dada yake aliamua kumrudisha mbwa zizini.

Alianza na fimbo. Bareng alipigwa mara moja, akalala chali, kisha akatambaa mpaka miguuni pake, kwa sababu hapo ndipo alipojifunza kukimbilia akiogopa. Mma Gaone akaitupa fimbo ile, akaketi chini, akafikiri upya. Kama ni chakula kilichomtoa zizini, basi chakula ndicho kitakachomrudisha.

Akapasua tairi kuukuu katikati, akaliweka ndani ya zizi liwe chombo cha mbwa. Kuanzia siku hiyo mbwa hakupewa tonge nje ya zizi. Asubuhi alikunywa chai yake mlango umefungwa, akimsikia Bareng anakwaruza ubao, mpaka mbuzi waende zao na mbwa achoke kungoja awafuate. Jioni, Bareng akitangulia kurudi, alilikuta tairi kavu. Mma Gaone hakumtazama. Alichukua sufuria yake, akatembea porini kuwalaki mbuzi, na mbwa, kwa njaa, akamfuata. Walirudi wote pamoja. Mbuzi wa mwisho akiingia na boriti ikifungwa, ndipo uji ulipomiminwa.

Wiki ya kwanza aliwalaki mbali, kwenye bonde la chumvi. Wiki ya pili aliishia kwenye mti ulioanguka. Baadaye akawa anasimama karibu kabisa na zizi, na Bareng alikuwa ameshaelewa kwamba njia ya kuufikia uji inapita nyuma ya mkia wa mbuzi wa mwisho. Hata saa za mchana akakoma kurudi.

Kazi ngumu haikuwa hiyo. Kazi ngumu ilikuwa kuizuia mikono isimguse. Mbwa akimaliza kula alikuja kuegemeza kichwa kwenye paja lake, naye alilazimika kusimama na kuondoka. Ndizo siku hizo Wame alipokuja likizo, akakaa juu ya boriti, akauliza alilouliza. Mma Gaone alikuwa anajiuliza jambo hilo hilo, na jibu alilokuwa nalo hakulitaka.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa kumi na moja, adhuhuri. Saa kumi Moagi akafika na gari tupu, kama alivyoahidi. Walisimama zizini kuwangoja mbuzi, sufuria ya uji mkononi mwa Mma Gaone. Mbuzi wakaja, wamelowa, wanapiga kelele. Nyuma yao hakukuwa na mbwa.

Moagi alitazama kando. "Pole, dada."

"Ngoja nihesabu."

"Utahesabu nini tena? Ameshapata chai kwa watu wengine."

"Kelepembe hayupo," alisema Mma Gaone. Ni jike moja lenye pembe iliyovunjika, na lilikuwa limekaribia kuzaa.

Walifuata nyayo kwenye mchanga uliolowa, jua bado liko juu ya miti. Hawakwenda mbali sana. Kelepembe alikuwa chini ya kichaka cha miiba na mapacha wawili, mmoja amesimama, mwingine anajaribu. Mbele ya kichaka alikuwa ameketi Bareng, manyoya yamegandamana kwa matope, na mchanga uliomzunguka ulikuwa umejaa nyayo za mbweha, zinakuja, zinazunguka, zinaondoka.

"Uji huu hapa, bwana mkubwa," alisema Moagi, akaichukua sufuria na kuigonga kwa kijiko. Bareng alitikisa mkia. Hakuondoka.

Mma Gaone akamwita. Alimwita kwa sauti ile ya asubuhi za baridi, sauti ambayo alikuwa hajaitumia tangu alipoacha kumpa chai. Mbwa alilaza masikio, akamtazama sana, akabaki pale pale.

Moagi alirudi kulileta gari lililokusudiwa kubeba mbuzi wote. Likabeba mmoja, na vitoto viwili. Bareng alikataa kupanda. Alikimbia nyuma ya gari mpaka zizini, akangoja boriti ifungwe, kisha akala. Kesho yake Moagi aliondoka peke yake.

Imepita miaka minane. Bareng amekuwa na mvi puani, na mbuzi wamefika sabini na kitu. Likizo iliyopita Wame, ambaye sasa yuko sekondari, alikaa na bibi yake zizini wakimtazama mbwa akilamba tairi, akamuuliza kama anakumbuka kwamba kuna swali hajawahi kulijibu.

"Nakumbuka," alisema Mma Gaone. "Siku ile ya mvua uji ulimwita, na mimi nikamwita, na hakuja kwa yeyote kati yetu. Iliniuma, mjukuu wangu, usione nacheka. Lakini ndipo nilipojua nimemfundisha."